Mama Mkwe Nyuma ya Mlango wa Kijani

Mlinzi wa jengo alikuwa na sauti ya mnadani. Nilimuuliza kwa upole kabisa, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, mkutano uko chumba gani.

"Mkutano gani?"

"Ule wa... watu."

"Aaa, wa kuacha pombe! Panda ngazi, mlango wa kijani, pembeni ya choo!"

Foleni nzima ya mapokezi ikageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimevuka mji mzima na kubadilisha gari mara mbili ili nisionwe na mteja wangu hata mmoja, halafu huyu bwana ananitangaza bure.

Sikuja kwa kupenda. Mimi ni kinyozi, na mikono ilianza kunitetemeka mpaka nikamkata mwanasheria mmoja sikio. Hilo likapita, nashukuru hakunipeleka mahakamani. Lakini siku niliyosahau kumchukua binti yangu shuleni, akakutwa getini peke yake giza likiingia, mke wangu hakupiga hata kelele. Alikunja nguo za mtoto, akahamia kwa mama yake.

"Kinyozi hajinyoi," aliniambia mlangoni. "Tafuta watu wakusaidie. Ukiacha, mtoto anarudi. Usipoacha, atalelewa na bibi yake, mtu mwenye akili timamu."

Bibi yake! Mama mkwe wangu, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke anayepiga pasi hadi vitambaa vya jikoni. Kwangu hajawahi kuketi bila kupangusa kiti kwanza. Mbele yake hata kupiga chafya nilikuwa naona ni utovu wa adabu.

Nikausukuma mlango wa kijani. Viti vya plastiki vimepangwa duara, birika la chai liko mezani, watu kama kumi hivi. Nikaketi karibu na mlango, uso chini. Mwanamke mmoja alikuwa anazungumza, amenipa mgongo.

"Mjukuu wangu ndiye aliyeniamsha juzi," alikuwa anasema. "Nimelala sakafuni jikoni. Sufuria imeungua, gesi bado inawaka. Ananimwagia maji usoni kwa kikombe chake, analia, 'Bibi amka, bibi amka.' Ana miaka sita. Mama yake yuko kazini, ananiamini. Nikamwambia mtoto, hii iwe siri yetu."

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Nikainua uso. Kitambaa cha kichwa kimekaa sawasawa, mkoba mapajani, viatu vinang'aa: mama mkwe. Na mjukuu wa miaka sita anaye mmoja tu duniani, na huyo ni mwanangu.

Sijui nilisimamaje. Nilisikia tu kiti kikianguka. Akageuka, tukatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu nioe sikumpa shikamoo. Nikatoka.

Alinifuata kwenye korido. Hasira zilikuwa zimenipanda hadi utosini.

"Mama! Mwanangu? Na gesi inawaka?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi ndiye mlevi, mimi ndiye nisiyefaa, nanyimwa mtoto wangu, kumbe..."

"Ndiyo."

Hakujitetea hata kidogo, na hilo likanitisha kuliko yote. Mkwe niliyemzoea alikuwa na jibu kwa kila kitu.

"Nilianza mzee alipofariki," alisema. "Mwanzoni ilikuwa ya kunipa usingizi."

"Sasa hivi mtoto yuko na nani?"

"Yuko na mama yake, leo haingii kazini. Kesho asubuhi ana zamu." Akanishika mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Mchukue, baba. Nitampigia mwenzio, nitamwambia mwenyewe. Mtoto alale kwako kuanzia leo."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalililia tangu walipoondoka. Nikafungua mdomo niseme sawa. Lakini mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwake, tumesimama karibu kabisa, na nikaona pua yake ikinusa.

"Na wewe umekunywa leo," alisema taratibu, bila kunilaumu.

"Kidogo tu, mama. Ya kutuliza mikono."

Nyani haoni kundule. Nilijisikia nikiyasema maneno hayo na aibu ikanivaa mwili mzima. Hata ile siku ya getini nilikuwa nimekunywa kidogo tu.

Akatoa simu kwenye mkoba, akapiga, akaweka sauti ya nje. Mke wangu akapokea. Nyuma yake nilimsikia binti yangu akiimba.

"Mwanangu," mama mkwe alianza, sauti ikamkatika, akaanza upya. "Mwanangu, kesho omba ruhusa. Usimwache mtoto na mimi. Ninakunywa. Nimekunywa mwaka mzima, nakuficha."

Ikaja sauti ndogo, kama ya mtoto, ambayo sikuwahi kuisikia kwa mke wangu.

"Mama? Unasema nini, mama?" Akavuta pumzi. "Sasa nimwache na nani? Nimpeleke kwa baba yake?"

Mama mkwe akaninyooshea simu.

"Ni mimi," nilisema. Binti yangu alikuwa bado anaimba. "Kwangu pia usimlete."