Mbwa wa Usingizi wa Pono

Mtaani walimwita Mama Mapazia, na hawakukosea. Nusu ya madirisha ya mtaa ule yalivishwa na mikono yake. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kimetazama barabara, na kutoka darini hadi sakafuni vilining'inia vitambaa vya kila rangi, vingine vikisubiri pindo, vingine bitana, vingine wenyewe waje kuvichukua. Jua la asubuhi likiingia, lilipita kwanza kwenye kitambaa cha kijani, kisha cha manjano, ndipo limfikie yeye kwenye cherehani. Kwa hiyo haikuwa ajabu kumkuta na shavu la kijani na mkono wa manjano, ametulia tuli kama mtu aliye chini ya maji.

Na tangu mumewe afariki, huko chini ya maji ndiko alikokuwa akiishi. Kazi ilikwenda, mishono ilinyooka, wateja walisifu. Lakini mtu akimsemesha, maneno yalimfikia yakiwa yamechoka njiani. Aliitikia "ndiyo" kwa jambo lililoulizwa zamani. Chai yake ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa.

Aliyeileta hiyo chai ni wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja msibani na begi moja akasahau kurudi kwake. Huyu alikuwa mwanamke wa sauti. Milango aliifunga kwa kishindo, sufuria alizigombeza, na akipiga chafya majirani wa nyumba ya tatu walimtakia afya.

Yeye ndiye aliyeleta habari ya mbwa. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akiruka ukuta wa uani na kuondoka na nguo zilizoanikwa. Gauni lake la maua lilipokwenda na maji, akasema sasa basi.

"Wifi, tunataka mbwa. Na awe mbwa mwenye sura ya kukataa mazungumzo."

"Ndiyo," akasema Mama Mapazia, ambaye alidhani wanazungumzia sabuni.

Jumamosi wakaenda. Kituo cha kuokoa mbwa kilikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa miaka mingi. Hakikuwa cha serikali wala cha tajiri. Watu wenye kazi zao walijigawia zamu tu, kwa moyo wao: mwoka mikate aliwapikia mbwa chakula, dereva mstaafu aliwapeleka kwa daktari wa mifugo, na siku ile zamu ilikuwa ya muuguzi mmoja ambaye kila mtu alimwita Sista. Aliwafungulia lango akiwa amekumbatia ndoo, macho mekundu kwa kukesha wodini, tabasamu limejaa uso mzima.

Mbwa wakabweka wote kwa mpigo mmoja, kisha wakanyamaza kama walioambiana.

Wifi akapita mbele ya mabanda mikono nyuma, anakagua gwaride. "Huyu ana macho ya huruma, hapana. Huyu anamtingishia mkia mgeni, huyo ni msaliti." Akasimama mbele ya dume jeusi lenye kifua kipana. "Hapa sasa! Huyu ndiye." Lile dume likamtazama, likajiangusha chali, miguu juu, likaomba kukunwa tumbo.

Mama Mapazia hakuwa nao. Alikuwa amefika banda la mwisho, mahali ambapo vumbi jekundu la matofali lilikuwa likielea kwenye mwanga bila haraka ya kutua. Ndani alilala mbwa jike wa rangi ya mchanga, miguu mirefu, ubavu chini. Alikuwa amelala fofofo, na miguu yake yote minne ilikuwa ikikimbia. Masikio yalicheza. Pumzi zilimtoka na vijisauti vyembamba. Kuna mahali alikuwa anakwenda, na lazima palikuwa pazuri, maana mkia ulikuwa ukigonga sakafu pole pole. Mama Mapazia akachuchumaa. Akajikuta anamngoja afike.

"Huyo tunamwita Pono," akasema Sista nyuma yake.

"Kama yule samaki wa usingizi?"

"Huyohuyo. Na nikwambie ukweli mama, hapa hatufichi kitu. Huyu amesharudishwa. Familia ya kwanza walimrudisha kwa sababu habweki. Ya pili walidhani amekufa. Walimtikisa, wakamwita, wapi! Wameshachimba shimo bustanini, wanatafuta shuka la kumfungia, ndipo akaamka, akapiga mwayo, akaenda kulichungulia lile shimo."

Wifi alicheka mpaka akashika nguzo. "Mlinzi wa usingizi wa pono! Mwizi atamruka, atachukua nguo, na akiwa na utu atamfunika."

"Namtaka huyu," akasema Mama Mapazia.

Wifi akaacha kucheka. Ilikuwa muda mrefu hajamsikia mwenzake akisema jambo ambalo hakuulizwa. "Haya," akasema. "Gauni lenyewe lilikuwa limenibana."

Kituo hakikumpa mtu mbwa akaondoka naye hivihivi. Sista alikuja kwanza kuiona nyumba, akapima ukuta kwa macho, akatikisa komeo la lango. Akawaambia wakae na Pono kwa majaribio, na yeye angerudi kuwauliza kama anabaki au anarudi. "Mkisema anarudi, hakuna atakayewalaumu," alisema. "Ila lango lifungwe. Habweki, lakini miguu anayo."

Wakati ule Mama Mapazia alikuwa na kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupokea, pazia la jukwaa la ukumbi wa mji. Ilikuwa mahameli nyekundu iliyokolea. Ilifunika meza, ikashuka kwenye sakafu, ikajaza chumba mpaka mlangoni. Pono aliingia akanusa kona zote, akazunguka mahali pamoja mara kadhaa, akazama katikati ya wekundu ule, akalala.

"Manyoya hayo," Wifi akaonya. "Mwenye pazia atadhani tumechanganya na mbuzi."

Kila jioni manyoya yakapigwa brashi, na kila asubuhi Pono akarudi palepale. Wifi alimwita Kazi Bure. Hata hivyo, wakati wa kula, minofu ilianza kumponyoka mkononi kwa namna ya kutiliwa shaka, na yote iliangukia upande mmoja.

Mchana, joto likipanda na barabara ikinyamaza, Pono alianza safari zake. Miguu ikikimbia, Mama Mapazia alisimamisha cherehani. Wifi naye alitokea jikoni akijifuta mikono, akaegemea mlango.

"Anavuka mto," alisema Mama Mapazia.

"Mto gani? Huoni anapanda ngazi?"

"Sasa amesimama."

"Amekutana na mtu."

"Anamjua," akasema Mama Mapazia, maana mkia ulikuwa umeanza kugonga. Wakatazamana, na hakuna aliyeuliza ni nani.

Siku moja Mama Mapazia alijilaza kando ya mbwa, anyooshe mgongo tu. Mahameli ilimpokea. Akaweka kiganja juu ya mbavu zile zilizokuwa zikipanda na kushuka, na chumba kikaanza kupanda na kushuka nazo, vitambaa vikavuta pumzi, kijani kikaingia kwenye manjano. Alipoamka, jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Chini ya kichwa chake kulikuwa na mto ambao hakuuweka yeye, na mlango ulikuwa umefungwa bila kusikika.

Pazia likaisha. Watu wa ukumbi wakaja na gari, wakalikunja kama mkeka, wakalibeba begani. Pono aliwasindikiza mpaka langoni, akasimama akitazama gari lilivyokata kona.

Kesho yake mteja mmoja alipita kuchukua shuka zake, akaondoka akiimba, na lango akaliacha wazi. Mama Mapazia aliinua macho kutoka kwenye mshono. Sakafu ilikuwa tupu.

"Wifi!"

Wifi alitoka jikoni na mwiko mkononi, na akatoka nao hivyohivyo mpaka barabarani. Manyunyu yalikuwa yameanza. "Mbwa wa rangi ya mchanga!" alinguruma, na milango ikafunguka. "Habweki! Mkimkuta amelala, jamani, msimzike!"

Fundi viatu alikuwa amemwona akipita. Msusi alisema ameelekea juu. Muuza magazeti alisema ameelekea chini, lakini yeye alikuwa akibishana na kila mtu. Mama Mapazia alikimbia. Hakukumbuka mara ya mwisho kukimbia ilikuwa lini. Mvua ilimpiga usoni, baridi, na kila sauti ilimfikia nzima: maji kwenye mabati, kandambili zake mwenyewe, Wifi nyuma akihema na kulaani wateja waimbaji.

Halafu akaanza kuyaona madirisha. Kila aliloangalia, pazia lilikuwa lake. Yale ya bluu ya ghorofani, siku ya kuyatundika mumewe alimshikia ngazi, akawa anaitikisa makusudi ili apigiwe kelele. Yale ya mistari, ambayo marehemu aliyabeba kichwani njia nzima kama bwana harusi mwenye kilemba. Yale meupe ya kwa mkunga. Mtaa mzima ulikuwa umening'iniza miaka yao, na upepo wa mvua uliitikisa kidogo kidogo, dirisha baada ya dirisha, kama mtu anayepita ndani akiigusa kwa vidole.

Akasimama katikati ya barabara.

"Wifi. Mahameli."

"Mahameli gani tena, mtu anatafuta mbwa?"

"Amefuata mahameli."

Ukumbini kwaya ilikuwa mazoezini, imepangwa mbele ya pazia jipya. Mwalimu wa kwaya aligeuka, akawaona wanawake wawili wamelowa chapachapa, mmoja ana mwiko.

"Samahani akina mama, tuko kwenye mazoezi."

"Endeleeni, hatuna ugomvi na nyimbo," akasema Wifi, akapanda jukwaani, akainua pindo la pazia, akaingia. Mama Mapazia akamfuata.

Nyuma ya pazia kulikuwa na nchi nyingine. Taa za ukumbi zilipenya mahameli zikawa nyekundu, hewa ikawa nyekundu, mikono yao ikawa kama ya watu wasiozeeka. Waliita kwa sauti ya chini. Hakuna. Kwaya ilikuwa imenyamaza kwa mshangao, na katika ule unyamavu wakasikia kitu kikigonga mbao, pole pole.

Kwenye kona, pale mwisho wa pazia ulipojikusanya sakafuni, Pono alikuwa amezama kwenye mikunjo, miguu mbioni.

Mama Mapazia akakaa chini. Machozi yakamtoka bila kelele, mengi, kama maji yanayoijua njia. Wifi alisimama kidogo, kisha naye akajishusha kwa kishindo, akaulaza mwiko mapajani. Upande wa pili mwalimu wa kwaya, asijue afanye nini, akawaambia watu wake waendelee, ila taratibu. Wakaimba wimbo wa polepole, na sauti zao zikalisukuma pazia, likavimba na kurudi.

"Mdogo wangu alikuwa analala hivi," akasema Wifi. "Utotoni. Ukimwamsha anauliza, tumefika wapi?"

"Hata ukubwani," akasema Mama Mapazia, na katikati ya kilio kicheko kikampita. "Mara moja aliniuliza hivyo, nikamwambia tumefika jikoni, uji unaungua."

"Uliungua?"

"Uliungua wote. Akaula, akasema mtamu."

Tangu msiba walikuwa wamekula, wamefua, wamebishana na kununiana katika nyumba moja, na marehemu wakimzunguka kama kiti kilichowekwa njiani. Sasa wakamzungumzia. Wifi alisimulia ndugu yake alivyoanguka kwenye pipa la chokaa. Mama Mapazia alisimulia mumewe alivyokuja kumposa, maneno yakamkwama, akaishia kuagiza mapazia ya nyumba ambayo hakuwa nayo. Kwaya ilimaliza wimbo ikaanza mwingine.

"Tumwamshe?" Wifi aliuliza hatimaye.

"Mwache kwanza afike."

Sista aliporudi kuuliza jibu, alikuta Pono kalala kizingitini na ikabidi amruke. Hakupata hata nafasi ya kukaa.

"Anabaki," akasema Wifi. "Na ukija tena kumwulizia, njoo na mfupa."

Mama Mapazia alimmiminia chai, akajimiminia na yake, akainywa ingali moto. Kisha akauliza wale wengine kule kituoni hulalia nini. Sista akasema sementi, na magunia yakipatikana. Macho ya Mama Mapazia yalizunguka chumbani juu ya vipande vya vitambaa vilivyobaki kona zote, vya miaka na miaka.

Wakavishona pamoja kuwa magodoro. Wifi alijaza, akisema hajawahi kuona mbwa wakitandikiwa kama mabwana harusi, na kila godoro alilikalia kwanza kulijaribu. Dereva mstaafu akaja na gari lake, wakapakia, Pono akapanda mbele bila kukaribishwa.

Sista alikuwa peke yake kituoni siku hiyo, ametoka moja kwa moja wodini. Aliwasaidia kushusha, akasema aketi dakika moja tu juu ya godoro la mwisho apate pumzi. Walipogeuka, kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta wa matofali na kikombe cha chai kimeinama mkononi. Wifi akakichukua kabla hakijamwagika. Mbwa wenye njaa walianza kunung'unika.

Mama Mapazia akachomoa ufunguo wa stoo ya chakula mfukoni mwa muuguzi, kwa vidole viwili, kama anayevuta uzi usikatike. Akakunja mikono ya blauzi.

"Wewe anza na mabanda ya kushoto," akamwambia wifi yake. "Mimi nachukua huku."