Koti la Ghorofa ya Tisa

Jengo letu hapa Kuala Lumpur lilikuwa na baridi ya jokofu la samaki. Nje jua linachoma lami, ndani makarani wanachapa kazi huku wamejitanda shali. Kila kiti kilikuwa na sweta mgongoni, na hakuna aliyeona ajabu.

Mimi, Zuraini, ndiye msimamizi wa viyoyozi vya jengo hilo, ofisi yangu iko ghorofa ya tisa. Fundi mwenzangu alikuwa Rusydi. Siku anaondoka kwenda kwao Kota Bharu kumuuguza mama yake, alinikuta natetemeka mbele ya kompyuta, akavua koti lake la kazi akanitupia.

"Vaa, bibie, usije ukaganda tukakukosa."

Akaenda zake. Nikalivaa miezi yote iliyofuata na hakuna aliyeniuliza, maana baridi ilinitetea. Nilimtamani mtu yule, nasema wazi. Sikuwahi kumwambia, na koti ndilo pekee nililopata kwake.

Kisha mwenye jengo akachoshwa na bili za umeme. Ikafungwa mitambo inayojiendesha: vihisio vya darini vinajua chumba kina watu wangapi, na hewa inapozwa kwa kadiri hiyo tu. Aliyeipanga ni Rusydi mwenyewe, huko huko kwao, kupitia mtandao. Kazi safi, siwezi kuitoa kasoro. Ofisi zikatulia kwenye digrii ishirini na tano, sweta zikarudi nyumbani moja moja. Nikabaki mimi.

"Shoga, koti la nini?" Letchumi wa mapokezi akanivaa wakati wa chai. "Jasho linakutiririka mpaka kwenye kikombe! Una homa au una mambo?"

"Nina homa."

"Homa gani hiyo, imeshonwa jina la kiume kifuani?" Akacheka mpaka akapaliwa.

Nilipandwa na hasira. Nikarudi ofisini kwangu, nikaiondoa amri ya mitambo kwa mkono wangu, nikashusha hadi ishirini. Mimi huyu, niliyewafokea watu miaka yote wasichezee swichi! Chumba kikapoa. Nikajikunyata ndani ya koti, roho ikatulia.

Simu ikalia. Alikuwa Rusydi.

"Bibie, mtambo unanipigia kelele huku. Chumba chako kimeshuka hadi ishirini. Kumeharibika nini?"

"Kompyuta zinachemka."

"Wapi! Naziona kwenye skrini yangu, hazina neno. Na kihisio kinasema humo yumo mtu mmoja tu."

"Basi kihisio chako kina umbea."

Akacheka. Kicheko kile nilikuwa nimekikosa kuliko nilivyodhani, nusura nilie.

"Zu, si wewe uliyekuwa ukilalamika baridi kila siku? Leo unaitafuta ya nini?"

Visingizio nilikuwa navyo tele, fundi hakosi cha kusema. Lakini nilichoka.

"Ili nivae koti lako," nikasema.

Kwa mbali nilimsikia mama yake akikohoa, kisha vibonye vya kompyuta yake vikigongwa. Nikajilaani. Nikainua macho kutazama skrini, nirudishe chumba kwenye ishirini na tano yake, yaishe.

Ile ishirini haikuwepo tena. Palikuwa pameandikwa kumi na nane, na mimi sikuwa nimegusa kitu.