Joho la Pazia

Kwenye kikundi cha maigizo walimwita Fundi, na hakuna aliyebisha. Mpe shuka kuukuu, atakurudishia kanzu ya kuhani. Mpe foronya mbili, atakurudishia mikono ya gauni la malkia. Kikundi kilikuwa hohehahe, hakikununua hata kifungo. Kila mwigizaji alileta kitambaa kutoka kwao, na Fundi akakigeuza, akaficha madoa kwenye marinda, akashona. Askari walivalishwa mablanketi ya kijivu, wakalalamikia joto.

"Kwani mnakwenda vitani au ufukweni?" aliwauliza, pini zikiwa mdomoni.

Kilichomtoa jasho ni joho la mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa muuza nyama, pande la mtu, na kila shuka aliyojaribishwa ilimfanya aonekane mgonjwa aliyetoroka wodini. Kiongozi wa kikundi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanuna.

"Dada, onyesho ni keshokutwa. Kitambaa kizito hakipo kabisa?"

Kilikuwepo. Kilining'inia chumbani kwa mama yake.

Pazia hilo jekundu lenye maua ya njano Mama alilishona mwenyewe, enzi hizo mikono ikimtii. Siku hizi kumbukumbu zilikuwa zimemponyoka karibu zote. Kila asubuhi aliketi kitandani, akashika pindo la pazia, akalipapasa polepole mpaka kwenye kona moja nene aliyoishona kwa mkono. Hapo alishusha pumzi.

"Haya. Niko kwangu," alisema. Kisha akageuka. "Mwanangu, umeamka salama?"

Fundi alikuwa ameyazoea maneno hayo kiasi cha kutoyasikia.

Alilishusha pazia Mama akiwa uani anaota jua, akatundika jingine, jekundu vilevile, jipya kabisa. Alijiambia kwamba Mama hatatambua. Tuseme ukweli, alitaka iwe hivyo, maana tangu kiongozi aulize, macho yake hayakuona kingine ila kile kitambaa. Akalitandaza mezani, akapiga chaki, akakata shingo, akapasua upande wa mbele kuanzia shingoni mpaka chini kwenye pindo. Mkasi ulikata vizuri, naye akafurahi.

Asubuhi iliyofuata Mama alipapasa pindo jipya. Akafika mwisho, akarudi, akaenda tena.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwako, Mama."

"Usinidanganye, dada. Nirudishe kwangu."

Dada. Fundi alikaa chini sakafuni. Sasa ndipo akayasikia yale maneno ya kila asubuhi, na yalimchoma. Akaapa kwamba onyesho likiisha tu, atalifumua lile joho na kulirudisha dirishani.

Siku ya onyesho hakupata mtu wa kukaa na Mama, akaenda naye, akamkalisha kiti cha mbele. Ngoma zikapigwa, mfalme akaingia kwa madaha. Ukumbi mzima ulishangilia lile joho.

Mama akasimama. "Langu lile!"

Kabla mtu hajamzuia, alikuwa amepanda jukwaani na kuidaka kona ya joho. Watu wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Muuza nyama, Mungu amzidishie, hakurudi nyuma. Alipiga magoti ili pindo limfikie vizuri. Mama akaibonyeza ile kona nene kwa kidole gumba, akashusha pumzi.

"Haya. Niko kwangu." Akageuka, akaona taa na nyuso za watu. "Mwanangu yuko wapi?"

Fundi alitoka mbio nyuma ya jukwaa, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. "Nipo, Mama."

"Mbona umechelewa? Umeamka salama?"

"Nimeamka salama, Mama," alijibu, na akalia mbele ya watu wote bila kuona aibu.

Onyesho lilipoisha alilifumua joho uzi kwa uzi. Alirudisha kipande cha shingo, akaunganisha ule mpasuo, akapiga pasi, akalitundika tena dirishani. Katika maisha yake hakuwahi kushona kwa uangalifu namna ile. Ukilitazama kwa mbali, ungeapa halijaguswa.

Asubuhi Mama alishika pindo. Vidole vikatembea, Fundi akivifuata kwa macho bila kupumua. Katikati vikakutana na mshono, vikasimama. Vikarudi mwanzo, vikaja tena, vikasimama palepale. Kwenye kona havikufika.

Mama akaliachia pazia taratibu, kama mgeni anayerudisha kitu cha watu.

"Aliyeshona hapa ni fundi hasa," alisema kwa adabu. "Lakini si langu. Nisindikize nyumbani, dada. Nina binti yangu, asiponiona atahangaika kunitafuta."