Tuta la Ndege

Mhoja hakuwa na shida na mtu, ila ukimgusia korongo wake umemgusa mboni ya jicho. Walikuwa wawili, dume na jike, wale wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, na makao yao yalikuwa kwenye kinamasi chini ya mashamba, upande wa Kisorya. Zamani walijaa hapo hata mtu hakugeuza shingo kuwatazama. Kisha kinamasi kikalimwa mpunga kidogokidogo, matete yakachomwa, ndege nao wakaisha. Hawa wawili tu ndio waliorudi.

Ugomvi ulikuwa mbegu. Korongo wakilikuta shamba lililopandwa jana, wanafukua mahindi punje kwa punje, na mkulima wa Bunda si mtu wa kuchezewa shamba. Watu wakawapiga mawe. Mhoja akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba: kila shamba linalopakana na kinamasi liachiwe tuta moja pembeni, mbegu zimwagwe juujuu bila kufukiwa, liwe la ndege. Wakishiba hapo, hawatakwenda mbali.

"Na panya nao tuwapandie?" jirani yake Skolastika alimcheka.

"Panya wamejaa dunia nzima. Hawa wakiisha, tutabaki kuwasimulia tu."

Alichekwa weee, mpaka waliomcheka wakachoka. Lakini tuta lilifanya kazi. Mawe yalikoma, na korongo wakazoea watu mpaka wakawa wanafuata nyuma ya jembe kama kuku wa nyumbani. Na mwaka huu, jamani, wakatotoa! Kinda mmoja, rangi ya mchanga, miguu mirefu isiyomtii. Mhoja alilia kwa furaha, wala hakuona aibu.

Ndipo dada yake akaugua huko Musoma. Mhoja akaenda kwake, mtaa wa Buhare, kumuuguza, kazi ya kupanda akamwachia mumewe, Mwandu. Na Mwandu ni mtu mwema, hilo lijulikane mapema, maana watu wana midomo.

Siku Mhoja aliporudi alimkuta mumewe mlangoni, meno yote nje kwa kicheko.

"Mama Ngolo, shamba limekwisha jana! Na safari hii mchwa hawapati kitu. Mbegu zote nimeziloweka kwenye ile dawa ya pamba iliyobaki."

Si jambo geni kule. Dawa ya kuulia wadudu wa pamba ikibaki, nani ana moyo wa kuimwaga? Hata mama yake Mhoja alikuwa analoweka mbegu zake hivyohivyo. Mhoja alitua mzigo polepole.

"Na tuta la ndege?"

"Ningelisahau mimi? Ndilo nililoanza nalo. Nimewamwagia nyingi kuliko unavyomwagaga, ili ukirudi ufurahi."

"Mbegu zipi, Baba Ngolo?"

"Zilezile. Niliwachagulia zilizonona..."

Kicheko kikamkauka. Mhoja alikuwa ameshatimua mbio.

Dume alikuwa amelala ubavu kando ya tuta, mdomo wazi. Jike alikuwa bado amesimama, mbawa zimelegea hadi chini. Alimwona Mhoja anakuja na hakukimbia. Angekimbiaje, na Mhoja mwenyewe ndiye aliyemzoesha kwamba mtu hana ubaya? Jike alipiga hatua za mlevi, akaanguka. Mhoja akakipakata kichwa chake mpaka shingo ikalegea, kisha akaangua kilio kama cha kufiwa na mtu. Skolastika alitoka nyumbani kwake mbio. Hakucheka. Alifungua khanga yake ya juu, akamfunika yule dume.

Mwandu alifika anahema, akatazama, akapiga magoti. Matusi yalikuwa tayari kwenye ulimi wa Mhoja, makali, ya kumaliza ndoa. Lakini mwanaume yule alikuwa anaokota punje kwa vidole, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni, anasema, "Nilitaka ufurahi. Mungu wangu, nilitaka ufurahi tu." Umtukane nini mtu kama huyo? Mhoja alipiga magoti kando yake, akaanza kuokota naye.

Hawajafika hata katikati ya tuta, kinda akatokea kwenye matete. Aliita. Akasikiliza, akaita tena, na hakuna aliyemjibu. Alipowaona watu wawili wameinama tutani akaja moja kwa moja, bila woga, mdomo umeshaelekea chini kutafuta.

"Toka!" Mhoja alipiga kelele.

Kinda akazidi kuja.

Mhoja aliokota bonge la udongo, akamrushia. Lilimpiga kifuani. Kinda akasimama, akamtazama.

"Toka, mwanangu! Toka!"

"Mama Ngolo, utamuua," Mwandu alisema, akimshika mkono. "Hana mwingine huyo, ana wewe tu."

"Niache!" Alijinasua, kamasi na machozi vimechanganyika usoni. "Bora aniogope. Atuogope sote."

Akaokota bonge jingine.