Vichwa Ndiyo

Sisi wazee wa baraza la mahakama, mtaani walituita Vichwa Ndiyo, na hawakukosea. Wenzetu kazini walituchagua kwa kunyoosha mikono, tukaketi wiki mbili kulia na kushoto kwa hakimu, kura zetu sawa na yake. Sawa, wapi! Hakimu akisema, sisi tunaitikia kwa kichwa, basi mtu kafungwa.

Siku ile aliletwa Nazokat, mjane, mchuma pamba. Alikuwa ameficha kilo tisa za pamba ya serikali ili ashone magodoro ya arusi ya bintiye. Huku kwetu Uzbekistani bibi arusi haendi kwa mumewe bila magodoro. Na enzi zile za Wasovieti pamba dukani hakuna, ingawa mashamba yake yametuzunguka hadi mlangoni!

Tulipoingia chumbani kushauriana, nikakuta hukumu imeshapigwa chapa. Miaka miwili. Zilibaki sahihi zetu tu.

"Mheshimiwa, kura hatujapiga. Hii imeandikwa lini?"

"Dada Hosiyat, chai inapoa. Tia sahihi."

"Mwaka jana uliozesha binti. Magodoro kumi na mawili, mimi mwenyewe niliyakalia arusini. Pamba yake ulinunua duka gani?"

Uso ukamwiva. Ergash kinyozi, mzee wa baraza mwenzangu, akainamia kikombe chake.

"Na wewe Ergash? Kwako mnalala sakafuni?"

"Magodoro yapo, dada. Na wajukuu wapo. Niache, tafadhali." Akatia sahihi.

Wawili kwa mmoja. Nikaandika pingamizi langu. Hakimu akalitia katika bahasha, akaibandika gundi.

"Hii haisomwi mbele ya watu. Sheria ndiyo hiyo. Na ukitamka neno la humu ndani, utasimama pale aliposimama yeye."

Tukatoka. Watu wakainuka. "Mahakama imeamua..." akaanza hakimu. Mahakama! Yaani na mimi nimo! Nazokat hakumtazama hakimu, alinitazama mimi.

"Hata wewe?" akasema polepole. "Nawe una binti."

Wallahi, moyo ulinipasuka. Kusema nimekatazwa. Lakini sheria ile nilikuwa nimeisoma yote, na habari ya shingo haimo. Nikatikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto. Hakimu anasoma, mimi natikisa. Watu wakaanza kunong'onezana.

"Tulia wewe!" akanikemea katikati ya kusoma.

"Shingo inaniuma, Mheshimiwa," nikamjibu, nikaendelea mpaka neno la mwisho.

Askari walipomshika mkono Nazokat, aligeuka mlangoni akanitazama tena, naye akatikisa kichwa kama mimi. Alijua.

Alifungwa miaka yote miwili, bintiye akaolewa mama hayupo. Mimi sikuchaguliwa tena. Na binti wa hakimu yule, mpaka leo, analalia magodoro yaleyale.