Chawa Ambao Hawajaja

Shemeji yangu Mbonigaba aliipenda ramani yake kuliko mkewe, na mkewe alijua. Mbonigaba alifanya kazi kwa mzungu mmoja aliyeletwa mjini Gisenyi mwaka ule kupigana na chawa wa kichwa, na ramani ile aliichora kwa mkono wake: ziwa, mji, vilima vyote hadi chini ya volkeno. Siku moja nilipitia kwake na kikapu changu cha viazi, akanikalisha anionyeshe. Mji ulikuwa mweupe. Kwetu Bugeshi palikuwa pekundu kama pilipili.

"Hii nyekundu ni nini?" nikauliza.

"Ni pahali chawa itakuja, shemeji."

"Itakuja? Haiko sasa?"

"We sikiliza. Kule juu baridi iko mingi, watu wanalala watano chini ya blanketi moja, vichwa vinagusana. Hata kama haiko leo, itaingia tu. Docteur amefurahi sana. Bon, watawaletea poda ya kuiua."

Nikacheka. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alilala chini ya blanketi hilo mpaka akaota ndevu, na mama yake bado anajifunika nalo. Mbona hakujipaka nyekundu? Hakuupenda utani huo.

Poda haikutosha. Iliwaishia watu wa mjini, waliokuwa karibu na ofisi. Basi kwa ajili yetu wakatoa nyembe. Siku ya soko askari walisimama barabarani wakiuliza kila mtu anatoka wapi. Aliyesema Rubona, kule kando ya ziwa, alipita. Aliyesema Bugeshi alikalishwa juu ya jiwe, akanyolewa.

Sasa nikueleze jambo ambalo Mbonigaba alilijua tangu utotoni. Kwetu, mke wa mtu hanyoi kichwa chote ila mumewe akifa. Na mwaka ule wanaume wengi wa kilima chetu walikuwa Kongo, kwenye mgodi mmoja. Mume wangu Théoneste, mdogo wake Mbonigaba, alikuwa huko huko, na kwa muda mrefu hatukuwa na habari zake.

Nilimwona Mbonigaba amesimama nyuma ya mzungu, ramani kwapani.

"Mbonigaba! Waambie! Mama yako atasema nini akiniona?"

Alisema maneno machache ya Kifaransa, kwa sauti ya chini. Mzungu aliiangalia ramani, hakuniangalia mimi.

"Docteur anasema nywele itaota tena," Mbonigaba akaniambia, macho chini.

"Basi nitafutie chawa kwanza! Hata moja!"

Askari alinipekua kichwa, hakupata kitu. Akaninyoa vilevile. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa shemeji yangu, si kwa askari.

Ndipo akili ikamrudia. Alinipa kitambaa nifunge kichwa, tukapanda pamoja haraka ili amweleze mama yake mapema. Tulikuwa tumechelewa. Wenzangu walionyolewa kabla yangu walikuwa wamekwisha kufika, na wakwe zao walipowaona wanaingia na vipara, mmoja baada ya mwingine, walielewa kitu kimoja tu: mgodi umewaangukia wanaume wote. Tulisikia vilio tangu kilima cha kwanza.

Mama mkwe wangu, Nyirahabimana, alikuwa ameketi chini nje ya nyumba. Moto alikuwa ameshauzima. Alinyoosha mkono, akanivua kitambaa.

"Théoneste iko muzima, Mama," Mbonigaba akasema, amepiga magoti. "Ni sababu ya chawa tu."

"Chawa iko wapi?"

"Haijakuja bado."

Mama akakikunja kitambaa kile. "Mutoto wangu, unanidanganya vibaya. Nani ananyoa watu sababu ya kitu haijakuja?"

Tulimwapia, tukamlilia. Kadiri tulivyozidi kuapa, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba tunamficha. Blanketi alilitoa nje, akalala chini kwenye mkeka mtupu, kama wafiwa wa kwetu. Kifua chake kilikuwa kibovu siku nyingi, na baridi ya Bugeshi haina huruma. Mbonigaba alipanda kila alipopata nafasi, akimwomba ajifunike. Mama alikuwa akigeuza uso ukutani. Tulimzika mgombani kabla ya mvua.

Théoneste alirudi maharage yakiwa yametoa maua. Alikuwa amenenepa kidogo, na begani amebeba blanketi la sufu, jipya, zito. Nilimrukia shingoni, nikamshika uso kwa mikono yote miwili. Nywele zangu zilikuwa zimeota, mzungu hakukosea.

"Mama iko wapi?" akauliza. "Nimemuletea hii. Atalala nayo peke yake."

Mbonigaba alikuwa mlangoni. Sikumhurumia.

"Ndugu yako atakuonyesha," nikasema. "Si yeye ndiye anajua kila kitu iko wapi?"

Wakashuka pamoja kuelekea mgombani, Mbonigaba akitangulia.