Haradali Iliyotoka Kwenye Diski

Umeme ulirudi saa nane kamili Jumatatu hiyo, na Ghulam Shabbir, karani wa ardhi wa Kot Sarang, akaanza kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya ofisi. Alikuwa na hesabu yake. Umeme ukirudi saa nane hukaa hadi saa kumi, na kazi yenyewe ilihitaji saa moja na robo. Betri ya akiba alikuwa ameipeleka nyumbani kuendeshea feni, maana joto la Agosti halivumiliki. Saa nane na dakika arobaini umeme ukakatika.

Ulipowaka tena, sehemu zote zilizoigawa diski, pamoja na ile yenye daftari la ardhi la kijiji, zilikuwa zimeyeyuka, ikabaki nafasi moja tupu isiyo na jina. Wakati huohuo matuta yaliyogawa mashamba ya kijiji yalitoweka. Maji ya mfereji, ambayo kila mkulima huyapata kwa zamu na kwa saa, yakatandaa kwa wote. Watu walisimama majini wakiulizana wamesimama kwa nani.

"Nyati wangu wa maziwa yuko kwako au kwangu?"

"Sijui. Anakula mpunga mzuri."

"Basi yuko kwangu."

Asubuhi ya Jumanne aliitwa Waris, fundi mwenye kibanda karibu na geti la reli, aliyejifunza kazi kwa vitabu vilivyonyofoka kurasa. Alikuja na diski yake mwenyewe na betri ya gari.

"Ulibonyeza nini?" akauliza.

"Nilibonyeza ndiyo," alisema karani.

"Mara ngapi?"

"Kila iliponiuliza."

Waris aliunganisha diski yake kwenye kompyuta. Alichukua nakala ya diski nzima kwanza, kama anavyofanya siku zote, maana mgonjwa hapasuliwi kabla haijajulikana anaumwa wapi. Kazi hiyo ilimchukua hadi adhuhuri.

Kwenye benchi alikaa Tasneem Bibi, kama alivyokaa kila Jumanne kwa miaka kumi na mmoja, akisubiri hati ya ekari mbili alizoachiwa na baba yake. Kila Jumanne karani humwambia kwamba fungu hilo yeye mwenyewe alimwachia kaka yake, kama dada wengi wa pale wanavyofanya, na alama ya dole gumba lake imo daftarini. Kila Jumanne yeye hujibu kwamba tarehe iliyoandikwa hapo alikuwa hospitali ya mjini, anajifungua.

"Basi dole lilikuja peke yake, dada," alisema karani, kama kawaida.

Baada ya adhuhuri Waris akaamuru mashine itafute sehemu zilizopotea. Ilikuta tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mfumo. Ya pili ilikuwa na daftari la ardhi. Ya tatu nayo ilikuwa na daftari la ardhi, la miaka kumi na miwili nyuma, na ilianzia ndani ya ile ya pili. Hizo mbili zilipandana, na mashine isingekubali kuziorodhesha pamoja.

Alishusha mshale kwenye ya tatu. Nje ya dirisha, katikati ya mpunga wa Liaqat, kaka yake Tasneem, lilisimama shamba la haradali limechanua njano, ingawa haradali ni zao la majira ya baridi. Alipandisha mshale kwenye ya pili, ukarudi mpunga. Alirudia mara tatu, akaandika kwenye kijitabu chake.

"Ndilo hilo," alisema Tasneem bila kuinuka. "Shusha mshale, mwanangu."

Liaqat aliingia amekunja suruali hadi magotini. "Fundi, fanya haraka, mpunga unazama." Akachungulia dirishani. "Na haradali hiyo imelishwa mbolea ya nani?"

Waris alimgeukia karani. "Ipi ni sahihi?"

"Zote ni sahihi. Moja ndiyo ya mwisho."

"Hiyo ya mwisho aliiandika nani?"

"Mimi."

Waris alitazama kioo, akatazama dirisha, akasoma tena karatasi ya kazi aliyopewa na karani. Iliandikwa: rejesha hali ya mwisho. Akaikunja karatasi.

"Nakala ya ile ya zamani ninayo," alisema taratibu. "Naweza kumchapia bibi."

"Mchapie. Bila muhuri, karatasi hiyo atafungia dengu, na muhuri umo kwenye droo yangu. Wewe umeitwa kutengeneza, bwana, hukuitwa kuhukumu."

Waris akamgeukia Tasneem. "Mama, ile ya tatu sitaifuta. Nitaacha tu kuiorodhesha."

"Tofauti yake nini?"

"Itakuwepo, ila mashine haitaiona."

Tasneem alitazama dirishani. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote," alisema.

Waris akaiorodhesha ya pili, akabonyeza. Matuta yaliinuka kutoka kwenye maji, moja baada ya jingine, na nyati akaonekana yuko kwa jirani. Zamu za maji zikarudi kwenye saa zake. Haradali haikuondoka. Ilibaki katikati ya mpunga, ekari mbili kamili, na haikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Karani alisema shamba lisiloandikwa ni la mwenye shamba linalolizunguka, na linalolizunguka ni la Liaqat.

Liaqat alivuna. Yeye si mtu mchoyo; kila Idi humpelekea dada yake kitambaa cha nguo na kilo ya peremende. Mara hii alimpelekea fungu kubwa la majani ya haradali, limefunikwa kwa kitambaa safi. Tasneem aliyachambua, akayapika hadi yakalainika, akayala kwa mkate wa mahindi. Yalikuwa matamu.

Jumanne iliyofuata alikuja ofisini mapema, akakaa kwenye benchi, dole gumba lake likiwa bado na rangi ya kijani ya kuchambua majani.